Lori la Kijiji Lilipozuiwa Kalemela

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na kijiji chetu, karibu na Bariadi, kilikuwa na lori. Mtu ambaye hakuishi zama zile za Ujamaa hawezi kujua lori lilikuwa kitu gani kwetu. Lilibeba pamba, lilibeba wagonjwa, lilibeba maiti, lilibeba hata kwaya. Mama alikuwa akisema mumewe analijua lile lori kuliko anavyowajua wanawe, na hakuwa anatania.

Kila mwaka lilitakiwa kupelekwa Shinyanga kwa mkaguzi wa magari. Mwaka ule karatasi ya ukaguzi iliisha muda wake katikati ya msimu, pamba imejaa ghalani mpaka mlangoni. Dereva alisimama mkutanoni akasema breki zimeanza kulegea, gari lipelekwe. Baba akamuuliza mbele ya watu wote, "Kwani hilo gari lina kupe?" Watu wakaangua kicheko. "Ng'ombe asiye na kupe unamswaga mpaka josho kufanya nini? Tumalize pamba kwanza." Ubishi wa josho kwetu ulikuwa wa kila siku. Bwana mifugo alikwisha kauka koo kwa kuwaambia watu waogeshe ng'ombe kabla kupe hawajaonekana, nao hawakutaka kusikia. Basi hoja ya baba ikapita kwa makofi.

Pamba ikaisha, ikaja mvua, tukalima. Lori lilikuwa la wote, na jambo la wote lilimsubiri mwenyekiti aseme. Mwenyekiti hakusema tena.

Ndipo tumbo likamshika. Alilazwa Mwanza, hospitali kubwa, nami kwa kuwa ndimi binti yake wa kwanza nikaenda kumuuguza. Daktari aliponiita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilituma habari kijijini kwa kondakta wa basi. Dereva alipofika na lori alinishika mkono, akanipa neno la mama kama alivyolisema: "Mniletee akiwa hai. Sitaki kingine."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Nyumba yetu ilijaa wageni wa kijiji tangu nikiwa mdogo, viongozi, mabwana shamba, watu wa ushirika, naye akawapikia wote bila kununa. Nilipolisikia neno lile nililia hadharani, na watu wakanitazama.

Tuliondoka Jumapili asubuhi. Baba tulimlaza nyuma, kwenye godoro juu ya magunia matupu, nikakaa naye nikimkinga jua kwa khanga. Alikuwa mtulivu. Aliuliza tumefika wapi, nikamjibu, akauliza tena. Nilianza kuamini kwamba tutafika.

Tulipofika Kalemela, askari wa barabarani alisimama katikati ya barabara akanyoosha mkono. Dereva akakanyaga breki, akakanyaga tena, akakanyaga tena. Askari akaruka pembeni, lori likampita likaenda kusimama mbele kabisa, kwenye vibanda vya samaki. Alikuja akitembea polepole, akatazama kioo cha mbele, akatazama ile karatasi ya ukaguzi iliyokwisha muda.

Nilishuka nikapiga magoti kwenye vumbi. "Afande, nina mgonjwa. Anakufa."

"Inuka, dada," alisema, na hakusema kwa ukali. "Lori limenipita mimi mwenye filimbi. Akikatiza mtoto je? Haliondoki hapa. Likija gari zima linalokwenda Bariadi, nitalisimamisha mimi mwenyewe mzee apande."

Gari zima! Jumapili! Ilikuwa miaka ile ya uhaba wa mafuta, na Jumapili ikishafika saa nane mchana magari ya watu yalikatazwa kutembea. Nilimpandishia sauti. Nilimuuliza kama kwao hawana wazazi. Nyuma ya lori baba akaita, "Mayu!" Ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao: mama. "Mayu, mwache. Ametenda haki. Aliyelizuia hilo gari lisiende Shinyanga ni mimi."

Mwanamke wa nyumba ya jirani alitufungulia chumba. Askari mwenyewe alimshika baba miguu, dereva akamshika mabega, wakamwingiza ndani. Yule mwanamke alileta uji, baba akauonja kwa heshima tu. Barabarani palikuwa kimya. Kila niliposikia mlio nilitoka mbio, nikakuta baiskeli au kundi la ng'ombe. Askari alibaki palepale juani, na hasira yangu haikupata pa kwenda.

Jua lilipoanza kuteremka baba alinivuta mkono. "Waambie lori liende ukaguzi kwanza. Hata kama kuna pamba, pamba ingoje. Wasibebe tena mtu." Nikaitika. Nikasubiri aendelee. Alifunga macho, akakata kauli, na kabla ya magharibi akakata roho.

Jumatatu lori la wafanyabiashara wa mjini lilitupakia. Tulipoingia uani nikaona mama amefagia mpaka njiani, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikaona amekitoa kitanda chake mwenyewe chumbani, amekiweka sebuleni chini ya dirisha, palipo na hewa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alitazama lile lori geni, akanitazama mimi, akajua.

Hakulia mbele ya watu. Wanaume walipokwisha kumshusha alinivuta ndani akafunga mlango. "Alisema nini mwishoni?"

Nikamwambia. Lori, ukaguzi, pamba ingoje.

"Na mimi?"

Mama akaketi kwenye kile kitanda, akalishika shuka kwa mikono miwili.

"Miaka yote nimewaachia wanakijiji mume wangu," alisema. "Nilidhani walau kufa, angekuja kufa kwangu."