Chuo cha Mbali

Nilikuwa mwaka wa tano wa udaktari nilipopewa wiki tatu za kuchagua. Mwalimu wetu wa magonjwa ya akili, mama mmoja mkali aliyetuita sote "madaktari" hata tulipoboronga, aliniita ofisini akaniuliza kama nina nia ya kweli na fani yake. Nikasema ninayo. Akaniambia vyuo anavyoviamini kwa ubingwa huo ni viwili, kimoja katikati ya nchi na kingine pwani, na kwamba anayetaka nafasi ni vizuri afanye mwaka wa utarajali katika mji huohuo ili walimu wamzoee mapema.

"Kachague ukiwa likizo," alisema. "Ukirudi nitakuandikia barua."

Wenzangu walinicheka mpaka nikachoka. "Miaka mitatu ya kusikiliza vichaa! Ukitoka huko utakuwa unasalimiana na kuta." Wao walitaka upasuaji, au watoto, au moyo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nina kaka.

Kaka yangu amenizidi miaka minne. Alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu Mpanda mjini. Siku moja alitokea nyumbani Mwese kwa miguu, njia yote ile ya milima, bila viatu, akisema walimu wanasikia anachowaza. Wazazi walimpeleka kwa waganga wawili, kisha hospitali. Akipewa vidonge anatulia, akitulia wanaviacha, wakiviacha anaanza upya. Mwishowe akafika mahali pa kutopokea dawa mkononi mwa mtu yeyote, kwa kuamini anatiliwa sumu.

Isipokuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na utaratibu wangu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Nampa pakiti aishike mwenyewe, namsomea jina la dawa, namwambia ni ya nini na itamfanya nini, hata mabaya yake, mdomo kukauka na mikono kutetemeka. Kisha nakaa nasubiri. Mara nyingine nilisubiri nusu saa nzima huku nikimenya mihogo. Mwisho anameza. Nikiwa likizo alikuwa mtu, analima, anacheka, anamtania baba. Nikirudi chuoni anaacha kumeza, na mimi nikirudi tena namkuta amekonda na amejifungia.

Kwa hiyo kuchagua kwangu hakukuwa na ugumu wowote. Kwenye treni ya kurudi Mpanda nilifungua daftari nikachora safu: idadi ya walimu, ukubwa wa wodi, mafunzo ya vijijini. Nilijaza kwa heshima ya mwalimu tu. Nilichojali ni safari. Kaka hawezi kuvumilia safari ndefu, huanza kupiga kelele na kutaka kushuka, lakini kutoka Mpanda hadi katikati ya nchi ningeweza kumfikisha. Ningepanga vyumba viwili, chake na changu, nimpe dawa kila asubuhi kabla ya kwenda wodini, na ubingwa ukiisha turudi wote Katavi. Nilikuwa na furaha siku ile, naikumbuka vizuri, nilimnunulia hadi mkate.

Nyumbani nikakuta mdogo wetu wa kike ameposwa. Kijana ni wa Majengo, Mpanda mjini, mtoto wa mfanyabiashara, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Sisi ni watu tuliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, na huku tulikohamia desturi ni ileile: kabla ya mahari kuna kuchunguza ukoo. Wanauliza majirani, wanauliza kanisani, wanakuja wenyewe kuangalia. Je, kuna kifafa? Kuna wazimu? Mchumba wa kwanza wa mdogo wangu alikuja, akamsikia kaka akigomba peke yake nyuma ya nyumba, akamaliza soda yake na hakuonekana tena. Mdogo wangu hakula siku nne.

Baba aliniita pembeni, karibu na zizi.

"Daktari, nisikilize. Majirani na wa kanisani nimeshawaomba wasiseme. Jumamosi kaka yako alale."

"Alale vipi, baba?"

"Wewe ndiyo unasoma. Mimi nitajuaje?" Akaangalia chini. "Na hayo ya kusomea vichaa usiyataje mbele yao. Wataanza kujiuliza kimekuvuta nini."

Nilikasirika, nikamwambia kaka ni mtoto wake wa kwanza na si aibu. Akasema, "Najua ni mtoto wangu. Na huyu mwingine?" Mdogo wangu alikuwa jikoni, anachambua maharage, anasikia kila neno. Hakuniomba kitu. Angeniomba labda ningekataa, lakini alichambua tu maharage, na machozi yanadondoka humohumo kwenye ungo.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea kaka vidonge vya usingizi, mara mbili ya kipimo chake, vikiwa vimeshatolewa kwenye pakiti. Akanyoosha mkono kama kawaida ili nimpe pakiti. Hakuna.

"Hii ipi?" akauliza.

"Ya malaria. Una homa."

Akajigusa paji la uso. "Kweli?"

"Kweli."

Akameza palepale. Sikusubiri hata dakika moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na shangazi wa bwana harusi. Wote walijua aliyekuja kazini ni shangazi. Wanaume walikula kuku na kusifu ng'ombe. Yeye aliomba choo, na kwetu mgeni wa posa akiomba choo anaomba kukagua uwani. Nilimsindikiza mimi. Akasimama mbele ya mlango wenye kufuli.

"Humu mnaweka nini?"

"Mahindi, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tuliporudi ndani akamuuliza baba, "Na nyie watoto mnao wangapi?" Baba akasema wawili, hawa wasichana tu, Mungu hakumjalia wa kiume. Mama akainuka kwenda kuongeza maji ambayo hayakuwa yamepungua. Shangazi akanigeukia mimi, akauliza nasomea udaktari wa nini.

"Watoto," nikasema.

"Safi sana. Watoto ni baraka."

Kaka aliamka Jumapili, jua limeshapanda. Alikuwa amejikojolea na aliona aibu sana. Nilimchemshia maji, nikamfulia blanketi, nikakaa naye juani.

"Malaria ilikuwa kali," akasema.

"Ilikuwa kali."

"Ungechelewa ningekufa. Asante, mdogo wangu."

Ningeweza kumwambia pale. Hakukuwa na mtu mwingine, na alikuwa na akili yake timamu. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama anataka uji.

Nilirudi chuoni, nikaingia kwa mwalimu, nikasema nimechagua cha pwani. Akashangaa, akaniambia alidhani nitapenda kuwa karibu na kwetu. Nikamweleza kwamba wodi za pwani ni kubwa na walimu ni wengi. Kila nilichomweleza kilikuwa kweli na hakikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilishindwa kuwaza kila asubuhi kumpa kaka dawa kwa mkono ule, naye akiniangalia kwa macho yale ya kushukuru. Nilimkimbia. Nimejaribu kutafuta neno lingine la heshima zaidi, na ninasomea maneno ya namna hiyo, sijalipata.

Sasa niko mwaka wa pili wa ubingwa. Mdogo wangu ameolewa Majengo na ana mtoto. Nikizungukia wodi na wanafunzi huwaambia wampe mgonjwa pakiti aishike, wamweleze ukweli wote wa dawa, na wao wanaandika kwenye vijitabu vyao. Sina amani hata siku moja. Nikipata likizo naipeleka kwenye zamu za ziada, kisha nasema sikupewa ruhusa.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Kaka hajameza kidonge tangu nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, na tangu mvua zianze hata chakula anakataa. Amebaki mifupa, na baba amemfunga mguu kwa mnyororo baada ya kupotea porini siku mbili. Nesi wa zahanati amekwenda mpaka nyumbani, amefukuzwa kwa jembe. Nikamwambia mama ampe simu niongee naye.

"Simu haishiki, anasema ina watu ndani," mama akasema. "Anakungoja wewe uje. Anasema sisi wote waongo, wewe tu ndiye hujawahi kumdanganya."