Aliyemfunga Teodori

Kila Kasmir aliposimama chooni kusubiri mkojo uliokuja kwa matone, alimsikia kaka yake Teodori akiguna nje ya mlango. Teodori alikuwa kaburini miaka mingi. Alikufa tumbo limevimba, mkojo umegoma kabisa, na ukoo mzima ukasema amefungwa kichawi. Mbaya wake alitajwa palepale matangani: Masanja, jirani Msukuma, ambaye ng'ombe wake walikula ulezi wa Teodori, wenyewe wawili wakagombana. Aliyemtaja kwanza ni Kasmir. Vijana wakaiezua nyumba ya Masanja, naye akaswaga ng'ombe wake na kuhamia Matai.

Sasa ugonjwa ni uleule, na Kasmir aliamini anayemlipiza ni Masanja. Alihangaika kwa waganga hadi binti yake Zita akachoka, akampeleka hospitali mjini Sumbawanga.

Daktari Lydia hakumficha kitu. Ni tezi dume, alisema. Kwa wanaume wengi hukua na umri, ikaubana mrija wa mkojo. Vipimo havikuonyesha saratani. Angeanza na vidonge vya kulegeza njia; vipo pia vya kuisinyaza tezi, ila hivyo hutaka miezi. Vikishindwa, kuna upasuaji wa kupitia njia ya mkojo yenyewe, bila kuchana tumbo. Na mkojo ukigoma kabisa, asingoje lolote, akimbilie hospitali awekwe mpira wa kutolea mkojo.

Mtu mwingine angeshukuru. Kasmir aliingiwa na hofu.

"Kwa hiyo hakuna anayefunga?"

"Hakuna, baba."

Vidonge alivipokea, ila hakuvimeza. Kuvimeza kulikuwa sawa na kukiri kwamba Masanja alifukuzwa bure, na aibu hiyo ilimtisha kuliko maumivu. Lakini Teodori hakuacha kuguna. Mwishowe Kasmir akavitia vidonge mfukoni, akapanda gari la Matai kwenda kuomba radhi.

Alimkuta Minza, mke wa Masanja, akipukuchua mahindi uani. Kasmir akapiga magoti mzee mzima, akaeleza yote, ya matangani na ya hospitali. Minza hakuinua macho.

"Masanja tulimzika mwaka jana," alisema. "Mkojo ulimgomea. Sisi tukasema ni wewe umemfunga."

Kisha Minza akanyoosha mkono, akaomba avione hivyo vidonge. Alivigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu, akamrudishia, akaingia ndani kumletea maji ya kumezea.