Meza Iliyoondoa Matanga

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kukaushia nywele, Mama Henriette hugonga meza ya saluni mara tatu kwa kifundo cha kidole. Kisha huinamisha kichwa na kusubiri. Siku moja nilitazama saa: alisubiri karibu dakika nzima. Halafu akasema "Bon," yaani haya basi, akafungua mlango, na honi za teksi za Pinetown zikaingia ndani.

Humgongea Ciza, mdogo wake, aliyefariki mwaka jana. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia atarudi kugonga. Ciza hajagonga.

Nilimfahamu Mama Henriette kwa sababu ya tasnifu yangu, inayohusu watu wa Durban wanaoamini kwamba wafu huzungumza na walio hai. Zamani Ciza alifanya usafi kwa mjane mmoja wa Kizungu kule Glenwood. Kila Jumatano mjane huyo na rafiki zake walizunguka meza, wakishikana mikono, wakingoja marehemu wagonge. Ciza aliona, akaenda kumsimulia dada yake.

Lakini mjane yule alijua kaburi la mumewe lilipo. Wakongomani wenzao wa hapa walikuwa na ndugu waliopotea vitani, huko Uvira na Fizi, na hawakuwa na kaburi wala habari. Bila habari huwezi kukaa matanga, na matanga yasipokaliwa hayaondolewi. Mtu hubaki katikati miaka na miaka. Haolewi, hali vizuri, anaruka kila simu ikilia. Basi dada hao wawili wakaweka meza ya mbao katika chumba chao cha Cato Manor, kila Jumapili baada ya misa. Pigo moja, yu hai. Matatu, amekufa. Aliyesikia matatu alilia, majirani wakaleta masufuria, siku zikahesabiwa, matanga yakaondolewa. Familia arobaini na moja ziliondoa matanga yao hivyo. Ndizo zilizowapa dada hao jina la wapokezi, wanaopokea habari za wafu.

Yvette alitoka katika mojawapo ya familia hizo. Meza ilimwambia kwamba mume wake, Blaise, amekufa. Alimlilia, akavaa nguo nyeusi, akazivua, akaolewa na fundi wa simu, akazaa. Machi iliyopita Blaise alipiga simu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Aliuliza kama watoto wanakula. Yvette alipomweleza yaliyotokea, Blaise alisema "Sawa." Namba ile haijapatikana tena.

Niliandika sura ya kwanza na kumpelekea msimamizi wangu, Dokta Philip. Aliisoma akiwa amesimama.

"Kendi, mwanahistoria hakalii kiti cha hakimu," alisema. "Andika kwamba walisema walisikia. Usiwaite waongo, usiwaite manabii. Baki hapo katikati."

Niliandika alivyotaka. Alhamisi nikaenda saluni kuwasomea sura hiyo wanawake niliowaandika, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mama Henriette alikuwa anamsuka Maman Deborah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Yvette naye alikuja, akasimama mlangoni. Hajakaa kwenye kiti chochote cha saluni ile tangu Machi.

"'Walisema walisikia,'" Yvette alirudia nilipomaliza. "Eish! Dada wa chuo, ndiyo katikati hiyo? Basi na Blaise wangu andika amekufa nusu. Mie niko bibi ya wanaume wawili nusu-nusu."

"Yvette, punguza sauti," Maman Deborah alisema. "Iko wateja."

"Mteja ni weye peke yako, na kichwa chako kina mistari miwili tu!"

Maman Deborah alicheka kidogo, akaacha ghafla. "Usiguse ile meza," alisema. "Mwanangu Tito alipotea na miaka kumi na tisa. Miaka sita nilimpikia sahani yake kila jioni. Meza ikagonga, nikalala usingizi. Ukisema ni bongo, uongo mtupu, unataka nianze kupika tena?"

Yvette alinigeukia mimi. "Andika ni mwongo," alisema taratibu. "Tafadhali."

"Andika ni kweli," alisema Maman Deborah.

Muda wote huo Mama Henriette aliendelea kusuka. Vidole vyake havikupoteza hata unywele mmoja. Alipofunga msuko wa mwisho, Yvette alikuwa ameshaondoka. Maman Deborah alimbusu mashavuni mara tatu, akaenda kupanda teksi.

Tukabaki wawili, mimi na Mama Henriette. Alifagia nywele za bandia zikawa rundo dogo jeusi karibu na ile meza, meza yenyewe ya Cato Manor, ambayo sasa ina chupa za mafuta na kioo chenye ufa. Miezi minne nilikuwa nimekuja pale na daftari, nikamwandika bila kumuuliza chochote. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni adabu. Nadhani ilikuwa woga. Niliwaza sahani ya Tito. Niliwaza ile "Sawa" ya Blaise. Kama ningeuliza, nisingeweza tena kukaa pale Dokta Philip aliponiweka, na mmoja wa wanawake wale wawili ningemvunja kwa mkono wangu.

"Mama Henriette," nilisema. "Siku ya Blaise, nani aligonga?"

Aliegemeza ufagio ukutani. Akaitazama meza, kama anavyoitazama asubuhi.

"Ni mie," alisema. "Siku ya Blaise, na zile zingine zote. Goti langu, chini ya meza. Ciza hakujua."