Pipa la Hooyo

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, Isiolo yetu ilikuwa na baridi. Watu wa mbali hudhani huku ni jua tu, lakini sisi wa rika hili tunaujua upepo wa Julai unaoshuka kutoka mlimani alfajiri, ukakukuta na kaptura ya shule na miguu iliyopauka kama jivu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la chuma juu ya mawe, moto chini yake, na bomba lililopeleka maji bafuni. Hooyo, mama yetu, aliamka kabla ya adhana kulikokea moto. Ayeyo, mama yake baba, aliumwa magoti, na Hooyo hakukubali mama mkwe atawadhe kwa maji baridi. Wala hakumruhusu mtu mwingine aguse kuni. Tuliamshwa na kikohozi chake. Daktari alisema wazi: moshi ukiendelea, kifua hiki hakitadumu.

Aabo, baba yetu, alikuwa dereva wa lori la Garbatulla. Siku moja akarudi na mabomba ya zamani, akayapaka rangi nyeusi ili yanase joto la jua, akayalaza ndani ya sanduku la mbao na kulifunika kwa kioo cha dirisha. Akalipandisha juu ya paa, akaliunganisha na pipa lile lile. Jioni mabomba yalimchoma vidole huko juu. Kwenye pipa, maji yalikuwa baridi kabisa.

Jirani yetu Mama Kawira alicheka hadi akashika ua, akamwita Aabo kwa jina la mtoto wake wa kwanza: "Baba Hodan, sasa Ayeyo tumpandishe kwa bati akatawadhe huko?"

Ndipo Aabo akaelewa, na akatueleza kwa kijiti mchangani. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe; ya baridi ni mazito, hushuka. Kwa hiyo sanduku likae chini, pipa likae juu yake, na maji yatazunguka bila kusukumwa. Akalishusha sanduku kutoka paani, akajenga jukwaa la mawe, akainua pipa.

Yakapata moto. Lakini kufikia alfajiri yalikuwa yamepoa.

Ayeyo alitoa mikeka iliyofunika nyumba yake ya harusi, ile aliyoisuka akiwa msichana kule Sericho na kuibeba juu ya ngamia miaka yote ya kuhamahama. Hooyo alilia, "Hapana, Ayeyo, hii usiikate."

"Nimeshalala ndani yake vya kutosha," akajibu, na kisu kikapita. Wakalifunga pipa kwa mikeka ile kama mtoto mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa vuguvugu, na nyuma ya nyumba hapakuwa na moshi. Tulishangilia. Lakini kifua cha Hooyo kilikuwa kimeshachoka. Moshi wa miaka hautoki kwa siku moja. Hakuiona Julai nyingine. Wanawake walipokuja kumwosha, Ayeyo alikataa jiko liwashwe. Akachota kwenye lile pipa, akayapima maji kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Siku hizi wanangu hubonyeza swichi, na maji yakikawia kidogo wananiita kwa makelele kana kwamba nyumba inaungua. Nawaeleza habari ya maji mepesi na mazito. Wananisikiliza kwa adabu, macho kwenye simu. Siwalaumu. Wanaoga, wanavaa, wanaondoka, na hakuna aliyelazimika kuamka kabla yao.