Unga Kwenye Sakafu ya Chumba Changu

Nilipohamishiwa Makambako kufundisha shule ya msingi, nilipanga chumba eneo la Mahongole, kwa mama mmoja mjane aliyeishi upande wa mbele wa nyumba hiyohiyo. Mimi ni mtu wa Tanga. Sikuwa nimezoea kuvaa sweta mbili darasani, wala kusalimiwa "kamwene" na kila niliyepishana naye, kisha asimame kuniuliza habari za nyumbani, za kazi, na nilivyolala. Niliona kama nachunguzwa.

Wiki ya pili, mche wangu wa sabuni ulipotea. Nikadhani nimeusahau bombani. Kisha ukapotea mshumaa, kisha soksi moja, na sukari ikawa inashuka kuliko chai niliyokunywa. Nilichora mstari wa kalamu kwenye kopo. Siku mbili baadaye sukari ilikuwa chini ya mstari. Mlango niliufunga kwa kufuli kila asubuhi, lakini mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa pili.

Jumatano moja, kabla ya kwenda kazini, nilinyunyiza unga wa sembe sakafuni, kidogo tu, kama vumbi. Siku hiyo nilifundisha bila kujua ninachofundisha. Niliporudi alasiri, kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, na kwenye unga kulikuwa na alama za ndala: zimeingia, zimezunguka, zimesimama mbele ya kiti changu, zimetoka.

Nilimkuta mwenye nyumba barazani anapukuchua maharage.

"Mama, nani aliingia chumbani kwangu?"

"Mimi," alisema bila kuinua macho.

"Kufanya nini?"

"Kumwingiza paka. Aliyepanga kabla yako alihama kwa ajili ya panya. Ningekwambia, ungekaa? Ukienda shule namwingiza, kabla hujarudi namtoa."

Sikumwamini. Akachukua fagio, akatangulia chumbani, akapanda kwenye kiti na kusukuma ubao wa dari kwa mpini. Hapo ndipo nilipoziona nyayo ndogo za paka kando ya zile za ndala. Nilikuwa nimetafuta za mtu tu.

Vikaanguka vipande vya sabuni vilivyotafunwa, mshumaa na soksi yangu. Ndani ya soksi mlikuwa na watoto wanne wa panya, wekundu, hawajafumbua macho. Nilipiga kelele. Yeye aliikunja soksi, akaipeleka nje.

Aliporudi nilikuwa nimejaa aibu, lakini sikuweza kujizuia.

"Na sukari, Mama? Kopo lina mfuniko."

"Sukari ni mimi. Namsubiri paka, baridi inanipiga, napika chai. Kwani ungeninyima?"

Niligeuka kuutazama mstari wa kalamu kwenye kopo. Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akaweka ule ufunguo wa pili mezani, akaondoka.

Wiki tatu tuliishi kwa salamu tu. Panya wakarudi, wakatoboa mkoba wa madaftari ya wanafunzi. Niliweka sumu, wakafia darini, na harufu ikanifukuza hadi barazani, nikawa nasahihishia huko. Siku ya pili, mwenye nyumba alinisogezea kigoda na bakuli la viazi vya kuchemsha. Nilikula. Nilitaka kusema samahani, nikaishia kuuliza paka yuko wapi.

"Yupo," alisema. "Ila kwako haingii tena. Simpeleki kwenye sumu."

Jumamosi tulipanda darini pamoja, mimi nimeshika tochi, yeye ndoo. Tuliwatoa panya waliokufa, tukaziba matundu kwa saruji iliyobaki kwa jirani. Alifanya kazi kuliko mimi, na hakulalamika hata mara moja. Tulipomaliza nilipika chai, nikamwekea sukari vijiko vitatu bila kumuuliza.

Ufunguo sijamrudishia. Mara kadhaa nimeutoa na kufika nao hadi mlangoni kwake. Ananikaribisha, nakaa, tunaongea habari za mvua, kisha narudi nao chumbani kwangu.