Sailensa ya Elkanah

Phineas Ombati alikuwa muuguzi hodari, hilo hakuna anayebisha, lakini kwa kujidai, we acha tu! Kila Jumamosi alitoka kwake Takoma Park, huko ughaibuni, miwani ya jua usoni hata kukiwa na mawingu, akaenda kulenga shabaha na wenzake wa kazini, Wayne na Audrey. Hao walikuwa na sailensa za dukani za kupunguza mlio wa bunduki. Phineas hakuwa nayo, na masikio yalimvuma hadi Jumapili.

Aliyekuwa nayo ni ndugu yake mkubwa, Elkanah, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana moja huko Landover. Yeye hakununua. Aliomba kibali cha serikali cha kujitengenezea, akapeleka alama za vidole na picha, akangoja bila kugusa chuma mpaka jibu likaja. Ndipo akaichonga, na juu yake akachora jina lake na mji wake, kama sheria inavyotaka.

"Ya dukani ni nzuri, na ina waranti," alisema. "Lakini hii naijua kila mkwaruzo."

"Kaka, si uniazime Jumamosi?"

"Haiazimwi hivyo, mdogo wangu. Mwenye karatasi lazima awepo. Nitakuja nayo."

Phineas akasema sawa, ila moyoni alinuna. Elkanah angekuja na lile koti lake la madoa ya grisi na Kiingereza chake cha kukwamakwama. Isitoshe, Phineas alikuwa amewaambia kina Wayne kwamba marehemu baba yake alikuwa mhandisi. Mhandisi wapi! Mzee alikuwa wa jua kali pale Kisii mjini, akifua makarai na majiko, na Elkanah aliacha shule akafua naye ili huyu Phineas asome.

Jumamosi ikafika, Elkanah akamchukua kwa gari hadi uwanja wa shabaha, koti lake lile lile mwilini. Wayne akaishika ile sailensa, akaipima uzito mkononi.

"Hii ni ya kampuni gani?"

"Aa, ni ya kutengeneza tu," Phineas akajibu haraka. "Ni ya huyu fundi. Amenileta kwa gari lake."

Audrey akaigeuza, akasoma maandishi. "Elkanah Ombati. Phineas, si hata wewe ni Ombati?"

Jamani, si angesema tu "ni ndugu yangu" mambo yaishe? Maneno matatu! Lakini alitazama lile koti, akasema, "Huko kwetu kina Ombati ni wengi."

Elkanah alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na alisikia kila kitu. Akatabasamu kidogo. "Ndiyo, sir," akasema. "Tuko wengi."

Sir! Kumwambia mtoto aliyembeba mgongoni! Phineas alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafyatua risasi kumi, hakuna iliyogusa shabaha, kisha akasingizia tumbo na kukimbilia chooni. Akajifungia huko muda mrefu akinawa uso.

Njiani kurudi hakuna aliyetaja jambo hilo. Elkanah alimshusha mlangoni, akamwambia, "Wasalimie watoto," akaondoka.

Phineas hakula vizuri siku mbili. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu asitake kujitazama kwenye kioo. Jumatatu akamvuta Wayne kando kwenye korido ya wodi.

"Wayne, nilikudanganya. Yule ni ndugu yangu. Tumbo moja."

Wayne akamtazama kwa huruma, na hiyo huruma ilimchoma kuliko tusi. "Tunajua. Mna uso mmoja, rafiki yangu. Ulipokuwa chooni tulimuuliza, akakubali. Akatuomba tusikuulize tena, maana utaaibika. Alisema ametoka kazini moja kwa moja, kosa ni lake, angebadilisha koti."

Phineas akatoka nje hadi maegesho, akapiga simu. Elkanah akapokea, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Kaka, Jumamosi..."

"Nimenunua koti jipya," Elkanah akamkatiza kwa furaha. "Sasa nikija sitakuaibisha."

Phineas akafungua mdomo ajibu, akaangua kilio.