Mkate wa mayai niliompikia mama akiwa eda

Wakuu, habari za asubuhi. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri nilionao sidhani kama humu wamebaki wengi wa kuamkiwa na mimi.

Ninayoandika ni yaliyonikuta mwenyewe. Umri wa kutafuta sifa umeshanipita, na kuongopa kunahitaji kumbukumbu nzuri kuliko niliyo nayo. Naandika kwa kidole kimoja, makosa mtayavumilia.

Juzi kuna mama humu aliuliza amnunulie bintiye kitabu gani cha watoto kitakachomtia hamu ya kuoka keki. Mkamjibu vizuri sana, majina yakamiminika. Nikasoma komenti zote, nikafunga simu nikaenda kulala. Mimi si mtu wa kulala mchana.

Kitabu cha namna hiyo nilikutana nacho Unguja, miaka ya hamsini, nikiwa madarasa ya chini. Jina lake silijui tena.

Nyumba yetu ilikuwa Mkunazini, mjini. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alitoka shamba, Jambiani, mtu wa kusuka kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, baba alimuona huko kwenye harusi ya jamaa akamleta mjini. Walikuwa wakitaniana mchana kutwa, mpaka majirani wakisema hawa wameoana au wanacheza?

Mwaka huo baba akafariki. Homa iliyoanza kama mzaha, wiki haikwisha tukamzika.

Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mwanamke aliyefiwa na mume kwetu huitwa kizuka, na hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Nyumbani kwetu hata udi haukuchomwa. Wajuzi wa dini mtanisahihisha wapi tulizidisha, mimi nasimulia ilivyokuwa.

Aliyemsimamia ni shangazi yangu Bi Salma, dada wa baba. Msimuone mbaya mapema. Alimpenda sana kaka yake, na alikuwa amesikia watu wakinong'ona kuwa mtu wa shamba hajui kukaa eda ya mjini. Akajiapiza kuwa eda ya mke wa kaka yake haitatiwa ila na mtu yeyote.

Shida ikawa mama hali.

Analetewa uji, anashika bakuli mpaka linapoa, analirudisha. Ukimuuliza anasema, "Nshakula." Shangazi alijaribu kila kitu, ndizi za nazi, supu, maziwa, na akimaliza kumbembeleza anatoka nje anajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani. Mama akakonda, na maneno yakamwisha. Unaweza kukaa naye kutwa asikuite jina.

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa nimemuona baba alivyokwenda, nikajua na huyu anakwenda. Na sikuwa na wa kumwambia, maana mtoto kwenye nyumba ya msiba huambiwa akacheze nje.

Ndipo mwalimu wetu akaja na kile kitabu.

Cha Kiingereza, cha picha, kava lake limechakaa. Mwalimu anafungua ukurasa, anatuonyesha, anatuhadithia kwa Kiswahili. Kuna mtoto wa kike, mamake mgonjwa kitandani na hataki kula. Mtoto anapanda juu ya kigoda, anapiga mayai, unga umemjaa puani, anatia matone kutoka kichupa kidogo. Mwalimu akatuambia yale ni manukato ya keki. Ukurasa wa mwisho mama ameketi, anakula, mashavu mekundu.

Darasa zima likaingia wazimu. Wiki ile mayai ya mtaa yalipotea na kuku wakasingiziwa kuwa hawatagi. Kulipikwa keki za udongo na keki za mchanga, na mwenzetu mmoja alitia yai la kweli kwenye udongo wake, akachapwa mpaka tukamhurumia.

Mimi sikucheza. Kwangu kile kitabu kilikuwa dawa, na nilikuwa nimeshaonyeshwa namna ya kuitengeneza.

Jirani yetu Bi Time alikuwa hodari wa mkate wa mayai, ambao ndiyo keki yetu sisi. Nikamfuata nikamwambia nataka kumpikia mama ili ale. Akaniangalia kidogo, akasema, "Njoo ukitoka skuli."

Mayai alinipa ya kuku wake mwenyewe. Nikayapiga na sukari kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi, kila nikisita ananiambia, "Bado, piga." Nikatia unga na iliki. Oveni nani alikuwa nayo? Tuliwasha makaa ya kuweka chini ya sufuria na mengine ya kupalia juu ya mfuniko.

Wakati makaa yanashika, Bi Time akaingia ndani kusali alasiri.

Nami nikakumbuka kile kichupa cha kwenye picha. Nyumbani tulikuwa na mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi ya mawaridi, shangazi aliuficha kabatini tangu siku ya msiba. Nilikuwa nimeuchukua nikaja nao chini ya kanga. Nikatia. Si matone, wakuu. Nilitia kwa mapenzi.

Mkate ukaiva. Ukaumuka, juu ukawa na rangi nzuri ya kahawia. Bi Time aliporudi akanusa, akanitazama. Alinikatia vipande, akanipangia kwenye sahani yake nzuri.

Niliingia chumbani kwa mama nikiwa nimeshika sahani kwa mikono miwili.

Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Harufu ikamfikia kabla yangu. Akageuka. Akaketi.

"Sabra," akaniita. "Nini hicho?"

"Mkate wa mayai. Nimekupikia mimi."

"Wewe?" Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Akanyoosha mkono.

Shangazi akaingia.

"Marashi!" akasema. "Marashi ndani ya chumba cha kizuka?"

"Wifi," mama akamwambia taratibu, "mtoto kapika mwenyewe. Niache nionje tu."

"Hata kuonja. Dhambi yake ntaibeba mimi? Watu wakisikia harufu hii ngazini watasemaje? Watasema mke wa ndugu yangu kajitia mawaridi na kaburi lake halijakauka!"

Sauti ilimkatika pale pale, akalia. Mama akamtazama akilia.

Akaurudisha mkono wake. Akalala, akaelekea ukutani.

Ule mkate ulipelekwa uchochoroni wakapewa watoto. Walikula wakalamba vidole. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka wakamaliza, maana sikujua pa kwenda.

Shangazi akanifuata baadaye, macho yamemvimba, akanishika bega. "Eda ikisha utampikia mwengine. Mwanangu, usilie."

Nikangoja. Mama alirudi kula kidogo kidogo, nadhani kwa ajili yangu, lakini ule uso alioketi nao siku ile sikuuona tena. Mimi nikajiambia nitauona eda ikisha.

Siku ya kutolewa eda nilikuwa nimeshaomba mayai kwa Bi Time. Mama akaogeshwa, akavaa kanga mpya. Wajomba zangu walikuwa wamekuja kutoka Jambiani na gari la shamba liko nje. Mume hayupo tena, hivyo alirudi kwao. Mimi nikabaki mjini kwa watu wa baba, kwa sababu ya skuli. Hakuna aliyeniuliza, na sidhani kama yeye aliulizwa.

Nikamwambia mama subiri nipike. Dereva akapiga honi. Mama akachutama akanishika mashavu.

"Njoo likizo," akasema. "Tutapika sote, mimi na wewe."

Likizo haikufika. Mama akashikwa na homa iliyoanza kama ile ya baba, na habari zilipofika mjini, yeye alikuwa ameshazikwa. Shangazi alinipeleka Jambiani, njia nzima amenipakata na mimi si mtoto wa kupakatwa tena.

Bibi yangu, mama yake mama, alinipokea, tukalia. Tulipotulia akanichukua jikoni, kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, akanionyesha sufuria. Chini imeungua, mfuniko umepinda kwa moto.

"Mamako huyo," akasema. "Kila kuku akitaga, anaomba yai. Huku hatupiki mikate ya mayai, hajui hata inaanzia wapi. Akienda kisimani anawauliza waliopata kukaa mjini. Akapika ikaungua, akapika ikakaa kama chapati. Nikamwambia, wewe, mayai yanakwisha, ya nini yote haya? Akanambia, 'Sabra anakuja likizo. Nataka anikute nshajua.'"

Wakuu, nimezaa, nimezika mume, nimeona mengi ya nchi hii. Sijapata kusikia maneno yaliyoniuma kama hayo.

Shangazi alinilea vizuri, akanisomesha, na alipokufa nilimuosha mimi. Jambo lile hatukulizungumza hata siku moja. Na sheria sina ugomvi nayo, nilipofiwa nami nilikaa eda yangu kamili.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto akikuletea kitu alichokipika, mpokee kwanza. Makosa yake yatafundishika kesho, yapo tu hayakimbii. Ile furaha aliyokuja nayo mlangoni haitangoja.

Kwa hiyo yule mama wa juzi, mnunulie binti kitabu. Mnunulie hata viwili.

Wenye elimu ya dini, karibuni mnirekebishe, lakini mnirekebishe taratibu. Na nyinyi wazazi wengine, niambieni hapa chini: mtoto wako alikupikia nini mara ya kwanza?

Na ulikila?